Baba ana Parkinson na anaanguka usiku: tatizo ni nyumba au ugonjwa umezidi?

Msomaji ameniandikia hivi, nimefupisha tu: "Baba yangu ana miaka 74, huu ni mwaka wa saba tangu aambiwe ana Parkinson. Anaishi na mama kwenye nyumba yao, haina ngazi. Ukimkuta mchana anatembea vizuri tu, ila ameshaanguka mara tatu, zote usiku au alfajiri, hapo hapo mlangoni kwa choo. Kaka yangu anataka tumhamishie kwangu, nakaa ghorofa ya pili, vyumba vidogo ila choo kipo karibu. Na hataki baba afanye kazi yoyote, anasema akae tu apumzike. Je ni nyumba ndo inamuumiza au ugonjwa umezidi?"

Pole sana dada, na mama naye mpe pole maana anayelala na mgonjwa wa Parkinson analala nusu nusu miaka yote hiyo na mara nyingi hakuna hata anayemuuliza ameamkaje.

Jibu fupi ni vyote viwili, na huwezi kuvitenganisha. Ugonjwa ndo unagandisha miguu, yaani inakataa kutoka ghafla, nyumba ndo inaamua ataganda wapi na akianguka ataangukia nini. Ila kwenye barua yako kuna kitu umekiandika kama maelezo tu na mimi nakiona ndo kiini cha habari yote: mchana yuko vizuri, usiku anaanguka. Nyumba ni ile ile, baba ni yule yule, kilichobadilika ni saa. Kwa hiyo kabla hamjazungumzia kuhama naomba muikague hiyo nyumba saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, sio saa nne asubuhi akiwa ameshameza dawa na jua limejaa ndani.

Nieleze kwa nini. Kwenye ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kwa mgonjwa wa Parkinson hizo seli zinakufa taratibu, na dopamini ndo inayofanya mambo tuliyoyazoea yajiendeshe yenyewe, kutembea, kugeuka, kuinuka kwenye kiti, kujigeuza kitandani, hata kumeza mate. Wewe ukienda chooni usiku unaweza kufika hujafumbua macho vizuri. Baba yako hawezi, yeye kila hatua inabidi aifikirie na aione, na mtu anayetembea kwa macho na akili badala ya mazoea anategemea sana kile kilichopo mbele yake, na kilichopo mbele yake ndo nyumba yenyewe, sakafu, mlango, mwanga, kochi lililobana njia. Sisi wengine nyumba mbaya inatuudhi tu, yeye inaamua kama hatua itatoka au haitoki.

Sasa ongeza dawa. Levodopa, dawa ya kurudishia dopamini ambayo ndo wengi wanatumia, haikai sana mwilini, ndani ya saa moja na nusu hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Miaka ya mwanzo ubongo bado una akiba yake kwa hiyo mgonjwa hahisi kushuka na kupanda, ila miaka ikienda anaanza kuhisi dawa inaisha kabla ya dozi inayofuata. Na kipindi kirefu kuliko vyote bila dawa ni kipi? Usiku. Dozi ya mwisho jioni, ya kwanza asubuhi, katikati hapo kibofu kinamuamsha mara mbili tatu, maana kukojoa usiku nako ni sehemu ya ugonjwa huu. Kwa hiyo anaanza safari ngumu kuliko zote za siku nzima akiwa na dawa kidogo kuliko saa zote, gizani, ametoka usingizini, na ana haraka kwa sababu mkojo umembana. Haraka yenyewe inagandisha. Ukimwambia "fanya haraka baba" umemgandisha zaidi, hata kama umesema kwa upendo.

Hilo la dozi mlirudishe kwa daktari, na mlirudishe na maandishi. Daftari la kawaida tu, saa alizomeza dawa, saa alizoganda, saa alizoanguka, alikuwa anafanya nini. Daktari wake inawezekana huwa anamuona asubuhi akiwa vizuri kabisa, akiona daftari anaweza kubadilisha saa au aina ya dozi ya usiku. Nyie wenyewe msiongeze wala kupunguza, na levodopa haikatishwi ghafla kamwe, ni hatari.

Tuje kwenye mlango wa choo. Mlango ni moja ya sehemu zinazogandisha miguu sana, pamoja na kona, korido nyembamba, na pale mtu anapotaka kugeuka akae. Miguu inakuwa kama imenata sakafuni ila mwili wa juu bado unakwenda mbele, ndo anaanguka. Kati ya wagonjwa 100 wa Parkinson kama 60 huanguka angalau mara moja kwa mwaka, kwa hiyo baba hajafanya uzembe, naomba hilo alisikie kwenu maana wengi huona aibu wanaanza kuficha.

Cha kufanya hapo mlangoni ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tafuteni tepu ya kunata yenye rangi inayopishana kabisa na sakafu, sakafu nyeusi tepu nyeupe, mpige mistari inayokatiza njia, yaani ilale kushoto kwenda kulia mbele yake, sio ile inayofuata njia urefu maana hiyo haimsaidii. Umbali kati ya mstari na mstari uwe hatua yake nzuri ya mchana, mpimeni akiwa vizuri. Ianze kama hatua tatu kabla ya mlango, ivuke kizingiti, iendelee mpaka ndani. Yeye anachofanya ni kuvuka mstari mmoja mmoja. Ajabu yake ni kwamba mguu uliokataa kutoka sakafu tupu unatoka vizuri ukipewa mstari wa kuvuka, kwa sababu ubongo unatumia njia nyingine, ile ya kukusudia, badala ya ile ya mazoea iliyoharibika. Haiwasaidii wote na wengine inawasaidia miezi kadhaa alafu nguvu inapungua, lakini ni tepu, jaribuni kwanza. Hakikisheni tu imekaa flati kabisa, tepu iliyobanduka pembeni inageuka kuwa kitu cha kujikwaa.

Ila mistari bila taa ni bure. Hapa ndo naona familia nyingi zinapokosea, wanaweka vyuma, wanaweka kila kitu, alafu usiku swichi iko upande wa pili wa chumba. Macho ya mgonjwa wa Parkinson nayo yameguswa, dopamini ipo mpaka kwenye macho, anapoteza uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, ukingo wa kijivu kwenye sakafu ya kijivu hauoni hata kama miwani yake ni sahihi. Wekeni taa ndogo za chini zinazojiwasha mtu akipita, kutoka kitandani mpaka chooni, mfululizo, pasiwe na kipande cha giza katikati. Ziwe karibu na sakafu zimulike mistari, sio za kumpiga machoni. Na kama choo ni cheupe, ukuta mweupe, sakafu nyeupe, badilisheni kitu kimoja rangi, hata mfuniko wa choo tu, ajue anakaa wapi.

Taa hiyo hiyo inasaidia jambo lingine ambalo hujaniuliza ila linaweza kuja. Baadhi ya wagonjwa miaka ikienda wanaanza kuona vitu, koti lililoning'inia mlangoni linakuwa mtu, maua ya kwenye zulia yanakuwa wadudu wanatembea. Mwanga hafifu na michoro mingi vinachochea sana hali hiyo. Sio kurogwa na sio wazimu, ni ugonjwa na wakati mwingine ni dawa, daktari aambiwe. Ndani ya nyumba ondoeni nguo zilizoning'inia anapolala, mapazia na zulia viwe vya rangi moja. Na ikitokea amechanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hajui yuko wapi, msiseme Parkinson imepanda, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au kifua, au hajanywa maji, au hajapata choo siku nyingi, na hivyo vinatibika.

Sasa kabla hajafika mlangoni kuna hatua ya kwanza ambayo watu wanairuka, kuinuka kitandani. Ugonjwa huu unagusa na mishipa ya fahamu inayorekebisha presha, na dawa zake nazo zinaishusha, kwa hiyo akisimama ghafla damu inabaki miguuni na kichwa kinakuwa chepesi. Pimeni: presha akiwa amelala dakika tano, alafu akiwa amesimama dakika ya kwanza na ya tatu, kuwe na mtu wa kumshika. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, hiyo ni kitu cha kumpigia daktari. Inawezekana kabisa mara moja kati ya hizo tatu hakuganda hata kidogo, alishikwa na kizunguzungu, na mistari yote duniani isingemsaidia. Muulizeni aliona giza? Miguu ilinata au magoti yalilegea? Majibu hayo yana tofauti kubwa.

Presha yenyewe inashuka zaidi kwenye joto, baada ya kuoga maji ya moto, na baada ya kula mlo mkubwa, kwa hiyo ratiba ya nyumbani inaweza kumwangusha mtu bila hata zulia kuhusika. Azoee kukaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndo asimame. Glasi ya maji kabla ya kuinuka asubuhi inasaidia. Wengine tunawainulia kitanda upande wa kichwa, sentimita 10 hadi 15 chini ya miguu ya kitanda, sio kurundika mito, lakini hilo muongee na daktari kwanza.

Kitanda kiwe na urefu ambao akikaa nyayo zinafika chini zote na nyonga ziko juu kidogo ya magoti. Godoro lililobonyea katikati litupwe, kwenye godoro la namna hiyo hata mimi na wewe tunapata shida kujigeuza sembuse yeye. Blanketi zito pia linamfunga, afadhali mawili mepesi. Shuka ya kuteleza kama satini inawekwa pale kiunoni tu imsaidie kugeuka, akivaa na pijama za kuteleza juu yake atateleza mpaka chini. Na muulize mama kama baba anapiga ngumi au anapiga kelele usingizini, maana wengi wenye Parkinson wanaigiza ndoto zao kwa mikono na miguu. Kama ndivyo, meza ya kitandani yenye kona, glasi, taa ya kioo, vyote visogezwe mbali, na ikibidi mama alale kitanda chake pembeni bila kujisikia vibaya. Hilo nalo lina dawa, semeni kliniki.

Lakini dada, njia nzuri kuliko zote ya kuzuia kuanguka mlangoni kwa choo saa nane usiku ni kutokwenda chooni saa nane usiku. Chupa ya kukojolea kando ya kitanda, ya kufunika. Au kiti chenye choo, kiwekwe upande ambao anashukia, kiwe kizito kisichosogea. Wazee wengi wanakataa mwanzoni, wanaona ni kushushwa hadhi, na mimi siwalaumu. Huwa nawaambia kiti hicho ni cha usiku tu, asubuhi kinafunikwa na kutolewa, mchana anatumia choo kama kila mtu. Maji anywe ya kutosha kuanzia asubuhi, saa mbili tatu za mwisho kabla ya kulala ndo apunguze. Asinyimwe maji siku nzima kwa kuogopa mkojo, atapata choo kigumu, presha itashuka, na hata dawa haitafika vizuri inakofyonzwa.

Chooni kwenyewe: vyuma vya kushikilia vilivyofungwa kwa skrubu ukutani, sio reli ya taulo maana ile itang'oka naye. Mlango ufunguke kwa nje, au utolewe muweke pazia zito, sababu akiangukia ndani mlango unaofunguka kwa ndani unamzuia yeye na unawazuia nyie. Komeo liwe linafunguka kwa nje pia. Akioga akae, kwenye kiti chenye miguu ya mpira. Kuna mvutano hapa watu hawausemi: choo kirefu kinamsaidia kuinuka, lakini kwa mtu mwenye choo kigumu, na Parkinson inaleta choo kigumu miaka mingi hata kabla ya kutetemeka, kukaa na magoti juu ndo kunasaidia. Stuli ndogo ya kuwekea miguu inasaidia tumbo ila kwa mtu anayeganda ni kitu cha kumwangusha. Mimi nikilazimika kuchagua nachagua kuinuka salama, choo kiwe kirefu, nyayo chini, ainamie mbele viwiko juu ya mapaja, na tumbo tulishughulikie kwa maji, chakula chenye nyuzinyuzi na kutembea.

Nimekaa sana kwenye usiku kwa sababu ndo swali lako lilipo, mchana nitapita haraka isipokuwa sehemu moja, ya kaka.

Kaka yako anampenda baba na ndo maana anataka akae tu. Lakini nyumba inayomfanyia mgonjwa wa Parkinson kila kitu inamdhuru taratibu, na madhara yake hayaonekani kama kuanguka yanavyoonekana. Misuli ya mapaja inaisha, hiyo hiyo inayomwinua kwenye kiti. Tumbo linafunga. Anasinzia mchana usiku macho makavu, kwa hiyo safari za usiku zinaongezeka. Mifupa inakonda kwa kutobeba uzito na kukosa jua, alafu akija kuanguka mara moja nyonga inavunjika. Na anakata tamaa, huzuni kwa wagonjwa hawa ni kubwa na chanzo chake kingine ni ubongo wenyewe, sasa ukimwondolea na kazi ndogo aliyokuwa anajivunia umemsukuma. Mazoezi ndo kitu ambacho hata madaktari wanaobishana kwenye mambo mengine hawabishani nacho kwa Parkinson. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Marekani ukaonyesha wagonjwa waliofanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, mara mbili kwa wiki miezi sita waliimarika kusimama na wakaanguka mara chache kuliko waliofanya kunyoosha viungo tu. Sio lazima tai chi, dansi ni nzuri sana, kutembea kwa muziki wenye mdundo ni kuzuri, maana mdundo nao unatoa hatua kama ile mistari.

Kwa hiyo kazi asinyang'anywe, ibadilishwe namna ya kuifanya. Kama anapenda kupika akate mboga akiwa amekaa. Kama anapenda kufagia afagie saa dawa imeshika, saa moja hivi baada ya kumeza kama ndo saa yake nzuri. Asibebe kitu mikononi huku anatembea na asijibu maswali huku anatembea, hapo ndo ubongo unazidiwa, akitaka kuongea asimame, aongee, ndo aendelee. Kugeuka asizungukie mguu mmoja, azunguke kwa duara pana kama gari kubwa linavyokata kona, na ndo maana njia ndani ya nyumba inatakiwa iwe pana: meza ya katikati ya sebule ikae ukutani, nyaya za simu na tivii zipite pembeni, kapeti ndogo ndogo zitoke zote. Kaka akitaka kutoa vitu atoe hivyo, ila msipange upya nyumba nzima siku moja. Kitanda, kiti chake na choo vikae vilipo, mwili wa baba bado unakumbuka njia hizo na kumbukumbu hiyo inamsaidia kuliko mnavyojua. Miguuni asivae ndala, viatu vya kufunga nyuma, soli isiteleze na isinate sana pia, mpira mzito unaonata sakafuni unamwangusha mtu anayeburuza miguu.

Kiti chake kiwe kigumu kidogo, chenye mikono, sio kochi la kuzama. Akiinuka asogee ukingoni, nyayo azirudishe nyuma chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, asukume kwa mikono. Mfundisheni mama asimvute mkono. Na akiganda asivutwe vile vile, mwambieni asimame kabisa, anyooke, apumue, ahamishe uzito kushoto kulia, alafu hatua moja kubwa mkihesabu pamoja. Fremu ya kutembelea msimnunulie kwa kukisia, ile ya kunyanyua isiyo na magurudumu mara nyingi inawasumbua watu wa Parkinson, apimwe kwanza na mtu wa fiziotherapia.

Mezani tivii izimwe. Kumeza kwake kunahitaji akili yake yote, akae wima, kichwa kisiinuke juu, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kukohoa kohoa wakati wa kula au sauti kuwa kama ina maji sio jambo la uzee, chakula au mate yanayopita njia ya hewa yanaleta nimonia, na nimonia ni moja ya vitu vinavyoua sana wagonjwa hawa. Levodopa wengi tunawaambia wameze nusu saa kabla ya kula kwa sababu protini, nyama, mayai, maharage, zinagombania njia moja na dawa, kwa hiyo kama mama anampa kidonge na mayai kwa pamoja asubuhi, inawezekana hiyo dozi ya kwanza ndo inachelewa kushika. Kuzima tivii kunasaidia na kingine, sauti yake inapungua bila yeye kujua, na kama mama masikio yamepungua nyumba inakuwa na wazee wawili wanaodhani mwenzake amenuna. Uso wake nao hauonyeshi hisia kama zamani, misuli tu hiyo, hajakasirika.

Viwili vya haraka: pua. Wengi wenye Parkinson wamepoteza harufu, hasikii gesi ikivuja wala kitu kikiungua, wekeni king'ora cha moshi na mtu mwingine ndo awe anakagua jiko. Na kabati la dawa: kuna dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, na za kutuliza kama haloperidoli, hizi zinazuia dopamini na zinaweza kumgandisha baba siku nzima, soma pakiti zote zilizopo ndani na kila anayemwandikia dawa mpya aambiwe kwanza kwamba ana Parkinson.

Haya, kuhama. Kwa ulivyoniambia, mimi kwa sasa nisingemhamisha. Nyumba yake haina ngazi, anaijua kwa mwili, kuna mama, na kinachomwangusha kiko sehemu moja, saa zinazojulikana, na kinarekebishika kwa gharama ndogo kuliko kuhama. Kwako ni vyumba vidogo, na vyumba vidogo maana yake kona nyingi na milango iliyokaribiana, yaani vile vile vinavyomgandisha, hata kama choo kiko karibu. Ngazi zenyewe zinaweza kukushangaza, wengi wanaoganda kwenye sakafu tupu wanapanda ngazi vizuri kwa sababu kila kidato ni kama mstari, shida ni pale juu ngazi zinapoisha na anatakiwa kugeuka, na kushuka. Lakini kubwa zaidi ni kwamba atakuwa hatoki, ghorofa ya pili ataishia dirishani, na nimeshasema kukaa kunamfanyia nini.

Kuna vitu vingebadilisha jibu langu. Mama akichoka au akiumwa, na hili muulizeni akiwa peke yake, maana mbele ya baba atasema yuko sawa. Baba akianza kutoka nje usiku bila kujua anaenda wapi. Akiendelea kuanguka baada ya dozi za usiku kuangaliwa na nyumba kurekebishwa. Hapo kuhama au kuleta mtu wa kulala pale kunakuwa sio anasa. Na mkihama, hameni akiwa ametulia, isiwe siku anatoka hospitali, aje kwanza kulala siku chache kwa majaribio, kitanda chake na kiti chake vije naye, kitanda kikae ashukie upande ule ule aliozoea na choo kiwe mkono ule ule, mistari na taa viwe vimeshawekwa kabla hajafika.

Kwa sasa anzeni na taa, tepu, chupa ya usiku na daftari, kisha presha ya kulala na kusimama. Wiki hii mmoja wenu, ikiwezekana kaka mwenyewe, akalale pale amuone baba akitoka kitandani alfajiri kabla ya dozi, nadhani naye ataacha kumuona baba kama mtu wa kukalishwa tu. Mkishafanya hivyo niandikie tena na saa zote mlizoandika, na upana wa mlango wa choo na wa korido, vyote vya kwao na vya kwako, tuone kama kuna cha kubadilisha kwenye jibu hili.